Tembo wamekwisha au wamejificha?

SWALI: Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji (VGS) katika WMA (eneo la hifadhi ya wanyamapori linalosimamiwa na jamii) moja kusini mwa Tanzania. Tumelinganisha daftari za doria za kiangazi cha mwaka huu na za miaka mitatu iliyopita. Tembo tuliowaona hawafiki hata nusu ya wale wa wakati ule. Kamera tulizofunga barabarani zimenasa chui madume tu, jike hakuna. Mwenyekiti anataka tuandike kwamba wanyama wamekwisha. Wazee wanasema wapo, ila wamejifunza kujificha. Nani yuko sahihi, na tuandike nini kwenye ripoti?

JIBU: Ndugu yangu, pole na kazi, na hongera kwa kutunza daftari miaka yote hiyo. Wengi huandika wiki ya kwanza ya mradi, kisha kalamu ikapotea.

Kwa takwimu ulizonazo sasa, mwenyekiti anaweza kuwa sahihi, wazee wanaweza kuwa sahihi, na inawezekana pia kila upande umeshika nusu ya ukweli. Namba ya tembo iliyoko kwenye daftari la doria imebeba mambo mawili yaliyochanganyika: tembo wangapi wapo, na kila mmoja wao alikuwa na nafasi gani ya kuonekana siku mliyopita. La kwanza ndilo mnalolitafuta. La pili huamuliwa na tabia ya mnyama mwenyewe: anatembea saa ngapi, jua likikaza anakaa wapi, akisikia pikipiki anasimama au anaondoka, yuko peke yake au kwenye kundi. Chukua mfano wa tembo 200. Wakibaki 200 vilevile lakini nafasi ya kuwaona ikashuka kutoka nusu hadi robo, daftari litaonyesha 100 mwaka ule na 50 mwaka huu. Hakuna aliyekufa, na mwenyekiti ameshapata kichwa cha ripoti.

Kutowaona wote si kosa lenyewe. Hakuna mtu duniani anayewaona wote. Kama kila kiangazi mnamwona tembo mmoja kati ya watatu, mnaweza kulinganisha mwaka na mwaka bila wasiwasi, kwa sababu mnapungukiwa kwa kipimo kilekile. Balaa huanza pale kinachobadilisha idadi kinapobadilisha na tabia. Ujangili unaua tembo, na ujangili huohuo unawafundisha waliobaki kukwepa watu. Ni kama afisa wa enzi za kodi ya kichwa aliyetaka kujua kijiji kina wanaume wangapi kwa kuhesabu aliowakuta nyumbani: siku anayofika yeye ndiyo siku wanaume wako porini.

Wazee wenu wana ushahidi wa kisayansi nyuma yao. Kaskazini mwa Kenya, katika ukanda wa Laikipia na Samburu, mtafiti Festus Ihwagi na wenzake walichambua mienendo ya tembo 60 waliofungwa mikanda ya GPS shingoni kati ya mwaka 2002 na 2012. Mahali na wakati ujangili ulipopanda, tembo walihamishia sehemu kubwa ya mwendo wao usiku. Kwa jike mwenye ndama huo ni uamuzi wa gharama, maana usiku ndio saa ya simba. Lakini bunduki inaogopwa kuliko simba. Wala si tembo peke yao: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliokusanya tafiti za spishi 62 za mamalia kutoka mabara sita, ulionyesha kwamba penye msukumo wa binadamu wanyama huongeza shughuli zao za usiku. Hata watu wanaopita tu bila silaha huwageuzia wanyama ratiba.

Sasa jiulizeni doria zenu hutoka saa ngapi. Kama mnaondoka kituoni saa mbili asubuhi baada ya chai na kurudi saa kumi, daftari lenu linawahesabu tembo wasioogopa watu, na hao ndio wa kwanza kupungua hofu ikiingia.

Kuna na upande wa pili wa jambo hili, nao unatudanganya vizuri zaidi kwa sababu unatufurahisha. Eneo likitulia, tembo hurudi kusimama mchana kando ya barabara. Ripoti huandika "wameongezeka" kabla hata ya ndama wa kwanza wa kipindi cha amani kuzaliwa, ilhali mimba ya tembo ni miezi 22. Na msimu wa mahindi ukifika, madume watatu wanaozunguka vijiji vinne kwa wiki moja hugeuka tembo kumi na wawili kwenye malalamiko yanayofika ofisi ya wilaya. Simlaumu mkulima aliyekesha na debe lake akiwafukuza. Nasema tu kwamba malalamiko ya shambani yanapima ujasiri wa madume wachache, si ukubwa wa kundi.

Usidhani wenye ndege wamesalimika. Mwaka 2013 sensa ya anga ya mfumo ikolojia wa Ruaha-Rungwa ilikadiria tembo 20,090. Mwaka uliofuata makadirio yakawa 8,272. Nchi ilishtuka, na ilikuwa haki kushtuka: ni kipindi hichohicho tulipokuwa tukijua kwamba tembo wa Tanzania wamepungua kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 na kitu mwaka 2014. TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, ikarudia kuhesabu Ruaha-Rungwa mwaka 2015, na makadirio yakatoka 15,836. Fikiria hapo. Tembo hawazaani kutoka elfu nane hadi karibu elfu kumi na sita ndani ya mwaka mmoja. Hata mahali pazuri kabisa, kundi la tembo hukua kwa asilimia chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mruko huo ilitokana na namna tembo walivyokaa na walivyoonekana, pamoja na bahati ya sampuli. Makadirio ya 2015 peke yake yalikuwa na kosa la zaidi ya 4,000 kila upande.

Ukijua sensa ya anga inavyofanyika huoni ajabu. Ndege ndogo hupita kwa mistari iliyonyooka, mita kama mia moja juu ya ardhi, na kila mhesabuji hutazama ukanda mwembamba upande wake. Sehemu kubwa ya eneo haitazamwi kabisa, inakadiriwa kutokana na kanda hizo. Tembo hawajisambazi kama mbegu zilizomwagwa kwa mashine. Kiangazi kikikaza hujazana kando ya mto. Mstari mmoja ukiangukia kundi la 80, makadirio yanapanda kwa mamia. Ukilikosa kwa mita mia mbili, yanashuka vivyo hivyo. Tembo waliotishwa hujikusanya kwenye makundi makubwa yaliyobanana, kwa hiyo eneo lenye hofu hutoa makadirio yanayorukaruka kuliko eneo tulivu. Dume aliye peke yake chini ya mti saa tano asubuhi ni rahisi kumkosa. Na miombo yetu, kama unavyojua, huchipua majani mapya kabla ya mvua kunyesha: ukichelewa kuruka kwa wiki chache, kivuli kimeshafunga na tembo wako chini yake.

Lakini sensa hizo zilikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuathiriwa na hofu, nacho ni mizoga. Wahesabuji huandika mizoga sawa na wanavyoandika walio hai. Mifupa ya tembo hung'aa ardhini kwa miaka kadhaa, haiendi mtoni, haihamii usiku, haikimbii ndege. Mizoga ikigawanywa kwa jumla ya mizoga na walio hai hupatikana uwiano ambao wataalamu huutumia kama kipimo cha vifo. Ukizidi takriban asilimia 8, kwa kawaida ni dalili kwamba vifo vinazidi vizazi. Kule Selous, ambako sensa ya mwaka 2013 ilikadiria tembo kama 13,000 kutoka karibu 39,000 mwaka 2009, mizoga ilikuwa mingi kiasi kwamba hoja ya "wamehama tu" haikupata pa kusimama. Hilo ndilo somo ninalotaka mlichukue kutoka kwa wenye ndege: kila mara wekeni kando ya namba ya walioonekana namba nyingine ambayo mnyama hawezi kuibadilisha kwa kuogopa.

Ninyi mnaotembea kwa miguu mnazo namba za aina hiyo, tena nyingi kuliko rubani. Kubwa ni kinyesi. Tembo hutoa kinyesi kama mara 17 hadi 20 kwa siku, awe na hofu au asiwe nayo, mchana au usiku. Chagueni mistari michache ya kudumu inayokatiza kila aina ya uoto mlio nao: miombo, vichaka vya mtoni, mbuga, kingo za mashamba. Isifuate barabara wala njia za tembo. Itembeeni mwezi uleule kila mwaka na kuhesabu marundo mliyoyaona, na kila rundo lipimiwe umbali wake kutoka kwenye mstari, maana lililo mbali ni rahisi kulipita bila kuliona. Onyo moja tu: msilinganishe kiangazi na masika. Mvua na mbawakawa huondoa kinyesi haraka, na utaandika kwamba tembo wamekufa kumbe mbawakawa wameshiba.

Ukishakuwa na namba tatu, yaani walioonekana, kinyesi na mizoga, ubishi wa mwenyekiti na wazee unaanza kuamulika. Walioonekana wameshuka, kinyesi kimebaki palepale, mizoga hakuna: wazee wameshinda, tembo wapo na wamebadili saa au mahali. Walioonekana na kinyesi vyote vimeshuka, mizoga hakuna: huenda wamehama, na hapo ulizeni majirani wenu wa WMA na hifadhi za pembeni kabla ya kutangaza msiba. Vyote viwili vimeshuka na mizoga imeongezeka: mwenyekiti yuko sahihi, na msisubiri ripoti ya mwaka kulisema. Hali ngumu ni ya nne, kinyesi kimebaki palepale lakini mizoga imeongezeka. Hapo mara nyingi tembo wa nje wanaingia kwenu wakikimbia hatari ya kwingine huku wenu wakiuawa, na kwa macho ya doria eneo linaonekana salama.

Kwa maoni yangu, kosa lililo kubwa zaidi kwenye WMA nyingi ni kuifanya doria iwe sensa. Doria huenda kule kunakohofiwa majangili, au kule gari linakopita, au kule kuna maji ya kupikia chai. Mwaka mkibadilisha njia kwa sababu ya taarifa za kiintelijensia, mmebadilisha na hesabu. Mkiongeza doria mahali pamoja, tembo wanaweza kukimbilia hapo kwa usalama au kukimbia kelele zenu, inategemea wamezoea kuona nini kwa watu waliovaa kijani. Doria iendelee kukamata majangili. Kuhesabu kupewe siku zake, mistari yake na watu wake, hata kama ni siku chache tu kwa mwaka.

Tukija kwa chui. Madume tu kwenye kamera za barabarani ni matokeo ambayo ningeyatabiri hata kabla ya kufungua kadi ya kumbukumbu. Eneo la dume mmoja hufunika maeneo ya majike kadhaa, anatembea sana, anaweka alama za mkojo na makucha, na barabara ni njia rahisi ya kufanya ukaguzi wake. Jike ana eneo dogo, na akiwa na watoto huepuka mahali wanapopita madume wageni, fisi na simba, ambao wote hupenda barabara kama yeye asivyoipenda. Mmefunga kamera kwenye barabara ya madume, mmepata madume. Kuwakosa majike kwenye picha hakuthibitishi kwamba wamekufa.

Chukueni karibu nusu ya kamera mzipeleke kwenye korongo kavu, njia ndogo za swala, kingo za mawe. Kila kituo kiwe na kamera mbili zinazotazamana, chui akivuka zinase mbavu zake zote mbili, kwa sababu madoa ya ubavu wa kulia wa chui hayafanani na ya kushoto. Ukiwa na upande mmoja tu, chui mmoja anaweza kuhesabiwa wawili. Zisitazamane moja kwa moja kabisa, mwanga wa moja utaiziba nyingine. Fungeni usawa wa goti, muache miezi miwili au zaidi kidogo bila kuhamishahamisha. Msitumie nyama. Najua inashawishi, lakini nyama huita fisi, na fisi wakishakaa hapo chui jike hapiti. Isitoshe, nyama inaweza kupotosha picha ya eneo analotumia kila chui, na hilo ndilo msingi wa hesabu za kisasa za kukadiria wanyama kwa picha za kamera.

Kuna jambo la mwanga pia. Kamera zenye mwanga mweupe hutoa madoa safi usiku, zile za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) hutoa picha ya kijivu ambayo wakati mwingine haitoshi kumtambua mnyama. Lakini mwanga mweupe humshtua. Katika hifadhi ya Bardia nchini Nepal, watafiti walionyesha kwamba chuimilia waliokwisha kupigwa picha walianza kukwepa kamera, na makadirio yao yakaathirika. Mkiona picha za chui mmoja zinajaa wiki mbili za kwanza kisha anatoweka kabisa, kabla ya kumwandikia tanzia hamisheni kituo mita mia kadhaa muone. Na tembo wakiivunja kamera, msishangae. Huwa hawapendi kitu kipya kinachonuka watu, na wanajua pa kukanyaga.

Msomaji mwingine ataniuliza kuhusu simba na kasa, basi nijibu kwa kupita. Simba huhesabiwa kwa kuwapigia kipaza sauti chenye mlio wa ndama wa nyati anayelia. Aliyeshiba haji, jike mwenye watoto wadogo mara nyingi haji, na ukirudia mchezo huo mahali palepale wote hujua ni uongo. Kule Mafia na visiwa vingine vya pwani, kinachohesabiwa ufukweni ni viota, si kasa: jike mmoja wa kasa wa kijani hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha hupita miaka bila kurudi, na dume hapandi ufukweni kabisa. Mwaka wa viota vichache si lazima uwe mwaka wa kasa wachache.

Kuhusu wazee, wasikilizwe, tena mapema. Mwaka 2003 wanasayansi waliomthibitisha kipunji, yule nyani wa msituni wa mlima Rungwe, walifika kwake kwa kufuata maneno ya wawindaji wa Kinyakyusa waliokuwa wakimtaja kwa jina hilo, na ulimwengu ukatangaziwa mwaka 2005 kwamba ni spishi mpya. Ni mnyama mwenye haya, anayekaa juu ya miti, na wachache walioishi naye walikuwa wameshamjua. Lakini waulizeni wazee swali linalopimika. "Wamejificha wapi?" ni bora kuliko "wapo?" Wakisema bonde fulani, pelekeni mstari wa kinyesi huko.

Nami nina sababu ya kuwabana wazee pia. "Wamejificha" ni neno tamu kwa kila mtu ambaye hataki uchunguzi, na nimeshaliona likitumika kufunika mizoga. Upande wa pili, "wamekwisha" lina wateja wake: wapo wanaosubiri ardhi itangazwe haina wanyama ili igawiwe kwa mashamba. Kwa hiyo mpaka mpate namba tatu, doria iendeshwe kana kwamba mwenyekiti yuko sahihi, na ripoti iandikwe kana kwamba hakuna aliye sahihi.

Ripoti yenyewe iseme hivi: kilomita mlizotembea, saa za kuanza na kumaliza, watu wangapi, tembo walioonekana kwa kila kilomita 10, marundo ya kinyesi kwa kila kilomita 10, mizoga mipya na ya zamani kila moja na mahali pake. Siku mlizotoka msione chochote ziandikwe pia, maana sifuri ni takwimu. Ongezeni safu moja ambayo sijaiona kwenye daftari nyingi: tembo walifanya nini walipowaona. Walisimama, walikimbia, walijikusanya, walikuja? Mlikuwa mita ngapi? Mkiona mwaka huu wanakimbia kutoka mbali kuliko miaka mitatu iliyopita, mmepata kipimo cha hofu, na kitawaeleza ni kiasi gani muiamini safu ya walioonekana. Chini yake andikeni sentensi moja tu: "Tembo walioonekana wamepungua, sababu bado inachunguzwa kwa kulinganisha kinyesi na mizoga."

Mkimaliza mistari ya kinyesi kiangazi kijacho, nitumie majedwali yote. Nitaanza kusoma la mizoga.